Kwa nini "big", "large" na "great" hayabadilishani, na "run" lina maana ngapi?

Mdadisi

Wakuu, habari za humu. Naomba mnisaidie kufungua mafundo mawili ya Kiingereza ambayo yanaonekana kama yanapingana.

La kwanza ni neno moja kubeba maana lukuki. Ukifungua kamusi kwenye "run", "get" au "charge" unakutana na maana zilizopewa namba hadi ishirini na zaidi. Mtu anajuaje ipi inakusudiwa kwenye sentensi iliyo mbele yake? Zikaririwe zote?

La pili ni kinyume chake. Kamusi ya visawe inapanga "big", "large" na "great" kwenye mstari mmoja kana kwamba ni kitu kile kile, lakini ukiandika "a large mistake" msomaji anaona kuna kitu hakijakaa sawa. Vivyo hivyo "a high man" na "he said me". Kama ni visawe kweli, mbona havikubali kupokezana nafasi? Kuna utaratibu wa kuchagua, au ni mazoea tu?

Naomba mifano zaidi kuliko kanuni.

---

Kalamu Nyeusi

Ndugu Mdadisi, usikariri. Maana ya neno la Kiingereza la kila siku haikai ndani ya neno peke yake, inakaa kwa majirani zake. Nani anatenda, anatenda nini, na ni kihusishi gani kinafuata. Ukijifunza kuwatazama majirani, zile namba ishirini zinapungua zenyewe.

Jambo hili si geni kwetu. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga picha, tunapiga chafya, tunapiga hodi. Hakuna mtoto anayekaririshwa orodha ya maana za "piga". Anachosikiliza ni nomino inayofuata. Hiyo ndiyo yenye mzigo, na "piga" linaifanya iwe tendo. "Run" na "get" hufanya kazi hiyo hiyo.

Kuhusu idadi: katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Oxford, la mwaka 1989 lenye majuzuu 20, kitenzi "set" ndicho kilichoongoza kwa zaidi ya maana 400. Baadaye kamusi hiyo ilipohuishwa, "run" likalipita kwa zaidi ya maana 600. Namba hizo zisikutishe. Wanakamusi huhesabu kila mpasuko mdogo wa maana, hata ile iliyotumika karne kadhaa zilizopita na kuachwa.

Tazama "run". Kiini chake ni mwendo usiokatika. Ukikishika hicho, sentensi hizi zote zinakaa mahali pake:

"The engine is running": injini inafanya kazi.
"The road runs along the river": barabara inafuata mto.
"His nose is running": anatokwa na kamasi.
"The contract runs until June": mkataba unaendelea hadi Juni.
"She runs a company": anaendesha kampuni.

Ona kilichobadilika. Katika nne za kwanza mtenda ni kitu au kiungo, na baada ya kitenzi hakuna yambwa, yaani nomino inayopokea tendo. Katika ya mwisho mtenda ni mtu na kuna yambwa, ndipo "run" likawa kuendesha. Hilo ni jaribio la kwanza kufanya kabla hujagusa kamusi: je, kitenzi kina yambwa? Swali hilo moja mara nyingi huondoa sehemu kubwa ya maana zilizoorodheshwa.

Kisha kihusishi. "The water has run out" ni maji yameisha. "We have run out of water" ni tumeishiwa maji. Kiswahili kinatofautisha kwa viambishi, isha na ishiwa. Kiingereza kinatofautisha kwa "of". Ukiangusha "of" ukaandika "we have run out water", sentensi inavunjika, na kosa hili ni la kawaida mno kwa sababu tafsiri yetu haina neno linalolingana na "of" hapo.

"Charge" ni mfano mzuri zaidi kwa sababu majirani wake ni dhahiri sana:

charge + kiasi cha fedha + for: kutoza
charge + simu au betri: kuchaji
charge + mtu + with + kosa: kumfungulia mtu mashtaka
charge at + mtu: kumvamia kwa kasi
be in charge of: kusimamia, kuwa na dhamana ya jambo

Hapo kwenye mashtaka ndipo watu wengi hujikwaa. Ni "charged with theft" lakini "accused of theft". Ukiandika "charged of theft" umechanganya vihusishi vya vitenzi viwili. Na hayako sawa kwa uzito: yeyote anaweza kumtuhumu mtu, hiyo ni "accuse", "charge" kwa maana hii ni hatua rasmi ya kisheria. Mfasiri wa habari akikosea hapo amemweka mtu mahakamani kabla ya wakati.

---

Mama Sarufi

Kalamu ameeleza vizuri, nami naongeza "get" kwa sababu ndilo linalosumbua kuliko yote, na kwa Mswahili lina njia ya mkato. Kazi nyingi za "get" sisi tunazifanya kwa viambishi au kwa kitenzi kimoja maalumu, kwa hiyo angalia aina ya neno linalofuata.

Ikifuata nomino, ni kupata au kupokea: "get a letter". Kikifuata kivumishi, ni kugeuka kuwa katika hali fulani: "get tired" ni kuchoka, "get dark" ni kuingia giza. Ikifuata "to" na mahali, ni kufika: "get to the station". Likifuata umbo la tatu la kitenzi ("past participle") kama "paid" au "hurt", mara nyingi ni -w- yetu ya kutendwa: "get paid" ni kulipwa. Akifuata mtu, kisha "to" na kitenzi, tunakaribia -sha ya kusababisha: "get him to laugh" ni kumchekesha, yaani kumfanya acheke. Na mtu akifuatwa moja kwa moja na nomino, ni kuletea au kupatia: "get me a chair".

Ni sita tu, na zinakutosha kwa sentensi nyingi utakazokutana nazo. Zinazobaki ni zile za "get" na kihusishi, kama "get over", "get by", "get away with". Hizo usizipasue. Zichukue kila moja kama neno zima lenye maana yake, jinsi usivyoweza kuielewa "kupiga chuku" kwa kulitafuta "chuku" peke yake.

---

Msomaji wa Kamusi

Kabla hatujafika kwenye visawe, kuna mambo mawili yanachanganywa hapo juu.

Neno moja lenye maana nyingi zilizozaliwa tumbo moja ni polisemia, kama "run". Maneno mawili tofauti yaliyokutana kwenye umbo moja ni homonimu. "Bank" ya mto ina asili ya lugha za Skandinavia. "Bank" ya fedha ilitoka Italia, kwenye "banca", yaani benchi la wabadilisha fedha. Hayana undugu wa karibu katika maana, na kutafuta kiini kimoja kinachoyaunganisha ni kupoteza muda. Kiswahili kina "ua" la mmea, "ua" wa nyumba na "ua" ya kutoa uhai. Hakuna anayeyatafutia kiini kimoja.

Utajuaje? Kamusi nyingi nzuri huyapa maneno ya namna hii vidahizo viwili, yaani maingizo mawili yanayojitegemea, na kidahizo huwa na kijinamba kidogo juu yake. Maana zilizo chini ya kidahizo kimoja ni ndugu, zitafutie kiini. Vidahizo tofauti, vijifunze mbalimbali. "Light" ya mwanga na "light" ya uzito ni mfano mwingine.

Kuna jambo jingine la hatari zaidi: maneno yenye maana mbili zinazopingana. "Sanction" laweza kuwa kuidhinisha, na laweza kuwa kuadhibu. "The committee sanctioned the plan" maana yake kamati iliidhinisha mpango. "Sanctions against a country" ni vikwazo. Ukiona umbo la wingi likifuatwa na "against" au "on", ni vikwazo. "Oversight" nalo linapambanuliwa na kitu kidogo kabisa: "oversight of the project", bila "an", ni usimamizi; "an oversight" ni jambo lililopitiwa bila kuonekana. Herufi mbili tu, na ripoti nzima inageuka kichwa chini miguu juu.

Halafu kuna "table" kama kitenzi cha mikutano. Uingereza "to table a motion" ni kuiwasilisha hoja ijadiliwe. Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe kwa sasa. Hapa majirani wa neno hawakusaidii; lazima ujue mwandishi ametoka wapi.

---

Kalamu Nyeusi

Asante kwa marekebisho, Msomaji. Nilipaswa kutenganisha hayo mawili tangu mwanzo.

---

Mama Sarufi

Sasa visawe. Kiingereza kina visawe vingi kwa sababu kimejengwa kwa tabaka. Chini kuna maneno ya Kiingereza cha kale, lugha ya jamii ya Kijerumaniki. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066 yakaingia ya Kifaransa kupitia ikulu na mahakama, na wasomi wakaongeza ya Kilatini. Ndiyo maana unakuta maneno matatu kwa jambo moja: "ask", "question", "interrogate". La kwanza ni la nyumbani, la pili lina urasmi, la tatu linanukia chumba cha mahojiano cha polisi. Au "kingly", "royal", "regal". Yanafanana maana, hayafanani mavazi.

Nasi tunalijua hili. Fikiria "kufa", "kufariki" na "kuaga dunia". Kamusi inaweza kuyaweka pamoja, lakini mbwa hafariki, na saa ikiharibika tunasema imekufa, hatusemi imeaga dunia. Anayejifunza Kiswahili akiambiwa tu kwamba hayo ni visawe, atamwambia mfiwa maneno yasiyostahili. Hivyo ndivyo "die" na "pass away" zinavyoachana.

Turudi kwenye swali lako.

"Great" hupenda nomino za mambo yasiyoshikika: great care, great importance, great difficulty. "Large" hupenda kiasi, idadi na ukubwa unaopimika: a large number, a large amount, on a large scale. "Big" ni la mazungumzo zaidi na huenda na vitu, matukio na uamuzi: a big house, a big day, a big decision, a big mistake. Kosa halina vipimo vya urefu na upana, ndiyo maana "a large mistake" linagoma. "A great mistake" linakubalika, ila lina sauti ya kitabu. Na ukisema "a great man" hujasema lolote kuhusu umbo lake. Ni mtu mashuhuri au mwenye utu wa kipekee.

"Tall" na "high": "tall" ni kwa vitu vinavyosimama vikiwa vyembamba kulinganisha na urefu wake, yaani watu, miti, ngazi, minara. "High" ni kwa milima, kuta, rafu, na kwa vitu visivyo na kimo kabisa kama bei, joto na cheo. Sisi tuna "-refu" kwa mtu, mti, hata kamba na safari, kwa hiyo kosa linatoka huko.

"Say" na "tell" ndiyo rahisi kuliko yote kwa Mswahili, ingawa vitabu vingi havituonyeshi njia. "Say" ni kusema, "tell" ni kuambia. Huwezi kusema "nilisema yeye kwamba", wala "niliambia kwamba" bila mwenye kuambiwa. "Ambia" inadai kiambishi cha mtu: nilimwambia. Vivyo hivyo "tell" inadai mtu: "I told him". "Say" haimtaki, na ukimhitaji unaweka "to": "I said to him". Mtego uliobaki ni mafungu machache yasiyohitaji mtu: tell the truth, tell a lie, tell a story, tell the time.

---

Mdadisi

Mama Sarufi, hilo la sema na ambia limenifungua macho. Je, kuna maneno mengine ya Kiswahili ambayo moja letu linagawanyika mawili au matatu ya kwao? Nadhani makosa mengi yanaanzia hapo.

---

Mama Sarufi

Yapo mengi. Haya ndiyo yanayozaa makosa kila siku.

Kuazima. Kwetu anayetoa na anayepokea wote wanaweza "kuazima". Kiingereza kinawatenga: "lend" ni kutoa, "borrow" ni kupokea. "Can you borrow me your pen?" ni kosa, sema "can you lend me" au "can I borrow".

Kusikia. Tunasikia sauti, tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi. Huko ni "hear" kwa sauti tu, "smell" kwa harufu, "feel" kwa yaliyobaki. Na njaa mara nyingi haina kitenzi hicho kabisa: "I am hungry".

Kazi. "Work" haihesabiki, "job" inahesabika. "A work" kwa maana ya ajira ni kosa. "Works" kwa wingi ni kazi za sanaa au shughuli za ujenzi.

Safari. "Travel" hutumika zaidi kama kitenzi au kwa maana ya kusafiri kwa jumla. "Trip" ni kwenda na kurudi, mara nyingi kwa lengo fulani. "Journey" ni mwendo wenyewe kutoka hapa hadi pale. "Voyage" ni ya majini, au ya anga za juu. "A travel" halisimami.

Kuumia. Ajalini mtu huwa "injured". Kwa risasi au kisu huwa "wounded". "Hurt" inabeba maumivu kwa jumla, hata ya moyo. Gari haliwi "injured", huwa "damaged".

Mkono na mguu pia. "Hand" inaishia kwenye kifundo, "arm" ni kutoka hapo hadi begani; "foot" na "leg" hivyo hivyo. Katika maelezo ya kitabibu kosa hili si dogo.

Kinyume chake nacho kipo: "price", "fare", "fee" na "rent" zinaelekea kwenye bei, nauli, ada na kodi. Hapo tuko sawa nao, ni kutochanganya tu.

---

Msomaji wa Kamusi

Kuna upande wa sifa ambao watu hawaugusi. Visawe vingine vinatofautiana kwa hukumu tu. "Slim" inamsifu mtu mwembamba, "thin" inaeleza, "skinny" mara nyingi inamkosoa. "Determined" ni mwenye nia thabiti, "stubborn" ni mkaidi, na anaweza kuwa mtu yule yule, inategemea anayesema yuko upande gani. "Childlike" ni kuwa na moyo safi kama mtoto, "childish" ni utoto usiofaa kwa mtu mzima. Ukibadilisha hapa hujaharibu sarufi, umemtukana mtu. Barua ya mapendekezo inaweza kumharibia mwombaji kazi kwa neno moja.

Ndiyo maana sishauri kuanza na kamusi ya visawe. Ile ya Roget, iliyotoka 1852, ilipanga maneno kwa mawazo bila kuyaeleza maana. Ni hazina kwa mtu anayeyajua maneno tayari ila yamempotea kichwani. Kwa anayejifunza ni duka la dawa lisilo na lebo. Kibonyezo cha visawe kwenye programu za kuandikia kina tatizo hilo hilo.

Tumia kamusi ya wanaojifunza. Zile za Longman hueleza maana kwa msamiati wa maneno yapatayo 2,000 tu, kwa hiyo hutafuti neno ili uelewe neno. COBUILD, kamusi iliyotoka mara ya kwanza 1987, hueleza kwa sentensi kamili, na ndani ya sentensi hiyo unaona majirani moja kwa moja.

Ukitaka kuthibitisha, ingia kwenye korpasi, yaani hazina kubwa ya matini unayoweza kutafuta ndani yake. British National Corpus ina maneno yapatayo milioni 100 ya maandishi na mazungumzo halisi. Tafuta "large mistake" na "big mistake", linganisha idadi, kisha usome mistari kumi ya fungu lililoshinda. Usiishie kwenye idadi. Kutafuta kwenye intaneti ya kawaida kunapotosha, kwa sababu hata makosa yana kurasa maelfu.

---

Mpita Njia

Naongeza la matamshi, maana halijatajwa. Maneno mengi hubadilika maana kwa mkazo. "Record", "present", "object", "conduct": mkazo ukiwa silabi ya kwanza ni nomino, ukiwa ya pili ni kitenzi. Kiswahili huweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, hivyo masikio yetu hayana mazoea ya kuutegemea kwa maana.

Pia "use" na "close". "Use" nomino huishia kwa sauti ya s, kitenzi kwa sauti ya z. "Close" ya karibu ni s, ya kufunga ni z. "Lead" ya kuongoza na "lead" ya risasi, ile metali, zinaandikwa sawa lakini hazitamkwi sawa.

---

Mdadisi

Nimeelewa. Swali la mwisho: kwenye daftari niandikeje neno moja ili lisirudi kuwa orodha tupu?

---

Kalamu Nyeusi

Usiandike neno na tafsiri. Andika fungu zima, tafsiri ya fungu, na kosa la kuepuka. Maana zisizidi tatu au nne kwa mara moja, zile ulizokutana nazo kweli kwenye kusoma. Mfano wa ukurasa wa "issue":

issue a passport, issue a warning: kutoa, kwa mamlaka. Mtenda huwa ofisi au mwenye cheo. Kosa: "issue a gift", zawadi haitolewi kwa mamlaka, tumia "give".

the March issue: toleo la Machi la gazeti au jarida. Jirani ni mwezi au namba.

a political issue, raise an issue: suala, kuibua suala. Kosa: "rise an issue", "rise" haina yambwa, "raise" inayo.

have an issue with: kutoridhishwa na jambo au mtu. Lazima "with".

Acha mistari mitano mitupu chini. Ukikutana na "take issue with" wiki ijayo, ambalo ni kupinga hoja ya mtu, unaliandika hapo pamoja na sentensi uliyolikuta.

---

Msomaji wa Kamusi

Na kando ya kila fungu weka alama ya mazingira: la mazungumzo, la kawaida, au la maandishi rasmi. "Have an issue with" ni la mazungumzo, "take issue with" ni la maandishi zaidi.